Kasi ya kufa kwa bakteria wa tope hai: uichukue kitabuni, au uipime kwa ndoo, kwa tanuri, kwa daftari?

Majitaka ya Malindi yana msimu wa shibe na msimu wa njaa. Kuanzia Disemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti, hoteli za ufuoni zinajaa, jikoni hakulaliki, na mtambo ulio nyuma ya chumba cha kufulia unalishwa kupita kiasi. Masika yakiingia Aprili wageni wanaondoka, wafanyakazi wengi wanapewa likizo, na mtambo uleule unabaki na maji ya walinzi na mafundi wachache. Ndani ya tangi la hewa bakteria wanaosafisha maji, yaani tope hai, wanapuliziwa hewa usiku na mchana bila riziki ya kutosha. Wengine wanachoma akiba ya miili yao, wengine wanaliwa na vijidudu wakubwa kuliko wao, wengine wanapasuka tu. Julai wageni wakirudi kwa mkupuo, mtu wa mtambo anataka kujua wamebaki bakteria kiasi gani.

Jibu linategemea namba moja, kasi ya kufa, ambayo kwa desturi huandikwa b. Ikiwa b ni 0.28 kwa siku, bakteria wasiolishwa kabisa hupungua kwa takriban robo kila siku, nusu kila siku mbili na nusu. Namba hiyohiyo ndiyo inayoamua tope la ziada litakuwa kiasi gani, yaani gari la kunyonya majitaka utaliita mara ngapi kwa mwaka.

Kuna njia nne za kuipata ambazo mtu wa Malindi au Lamu anaweza kuzifikiria kwa uzito: kuichukua kitabuni, kupima kasi ya tope kuvuta oksijeni, kupima tope linavyopungua uzito, na kuikokotoa kutoka kumbukumbu za mtambo wenyewe. Msimamo wangu niuseme mapema: kwa mtambo mdogo wa hoteli, ndoo ya hewa na mita ya oksijeni inazishinda nyingine zote. Ila usianze na vifaa. Anza kwa kujua namba unayoitafuta itaingizwa wapi, kwa sababu kuna b zaidi ya moja, na hazibadilishani.

Mbili zenye jina moja

Shule ya kwanza inasema bakteria akikosa chakula anajichoma mwenyewe, anavuta oksijeni, na mwishowe kinabaki kipande kisicholika, kama sehemu 0.2 ya mwili wake. Hapa b ni kasi ya kupungua kwa bakteria hai, hakuna zaidi. Marais na Ekama wa Chuo Kikuu cha Cape Town waliipima mwaka 1976 wakapata 0.24 kwa siku kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Namba hiyo ingali inatumika duniani kote, na inapendeza kwamba imetoka bara hili.

Shule ya pili ndiyo ya modeli ya ASM1 iliyotolewa mwaka 1987, ambayo programu nyingi za kompyuta za kuiga mitambo zimejengwa juu yake. Yenyewe inasema bakteria anakufa, mwili wake unageuka kuwa chakula kinacholika polepole, na wenzake wanakila na kuzaana tena. Kwa kuwa sehemu ya waliokufa inarudi kuwa bakteria wapya, kasi ya kufa lazima iandikwe kubwa zaidi ili hesabu ya mwisho ioane na kile kinachoonekana tangini. Ndiyo maana ASM1 ina 0.62 kwa nyuzi 20. Hakuna ubishi kati ya 0.62 na 0.24. Gawanya 0.24 kwa 0.38 utapata karibu 0.63. Hiyo 0.38 inatoka kwenye moja toa 0.67 mara 0.92, ambapo 0.67 ni mavuno, yaani bakteria wapya wanaopatikana kwa kila kipimo cha chakula kinacholiwa, vyote vikipimwa kwa COD (oksijeni inayohitajika kuchoma taka kwa kemikali), na 0.92 ni ile sehemu ya mwili inayorudi kuwa chakula.

Modeli ya ASM3, iliyotoka mwaka 1999, ikarudi kwa mtindo wa kujichoma, na b yake ni 0.2 kwa nyuzi 20. Kwa hiyo ukiona programu inakudai b, fungua kwanza maelezo yake uone ni ya ukoo gani.

Njia ya kwanza: kitabuni

Hugharimu dakika tano, nayo inafaa kuliko watu wa maabara wanavyopenda kukiri. Tatizo lake kwetu ni joto. Vitabu vinaandika kwa nyuzi 20, nasi majitaka yetu ya pwani hukaa kwenye 27, 28, mara nyingine 30. Inabidi b ipandishwe kwa kuzidisha na kigezo cha joto kilichopigiwa kipeo cha tofauti ya nyuzi, na kila shule ina kigezo chake. Tazama kinachotokea tukipanda hadi nyuzi 28:

| Chanzo cha b | Nyuzi 20 | Kigezo cha joto | Nyuzi 28 |
|---|---|---|---|
| Cape Town, kujichoma | 0.24 | 1.029 | 0.30 |
| Vitabu vya usanifu vya Marekani, thamani ya kawaida | 0.12 | 1.04 | 0.16 |
| ASM1, kwa kigezo cha Cape Town | 0.62 | 1.029 | 0.78 |
| ASM1, kwa kuendeleza mteremko wake wa nyuzi 10 hadi 20 | 0.62 | 1.12 | 1.53 |

Mstari wa mwisho ndio wa hatari. ASM1 ilitoa thamani mbili tu, 0.20 kwa nyuzi 10 na 0.62 kwa nyuzi 20. Ukiziunganisha na kuendelea kupanda kwa mteremko uleule, unafika 1.53 kwenye nyuzi 28, karibu mara mbili ya mstari wa juu yake. Hakuna aliyekuambia mteremko ule unaendelea hivyo hadi Malindi. Na programu ikishapewa joto la 28 haitakuuliza mara mbili, itakokotoa tu.

Halafu kuna 0.30 na 0.16. Mwanafunzi akiziona anasema mmoja kati yao anadanganya. Hebu tukokotoe tope kabla hatujahukumu. Tuseme umri wa tope, yaani wastani wa siku tope linazokaa mtamboni kabla ya kutolewa, ni siku 20 na joto nyuzi 28. Cape Town wanatumia mavuno ya 0.45 ya tope kavu kwa kila uzito wa COD unaolika, na mabaki ya 0.2. Tope linalozalishwa linatoka kilo 0.141 kwa kila kilo ya COD. Wamarekani wanatumia mavuno ya 0.40 na mabaki ya 0.15. Linatoka kilo 0.139. Ni sawasawa! Tofauti ya b imefidiwa na tofauti za mavuno na mabaki, kwa sababu kila ukoo ulizisawazisha namba zake zote tatu pamoja.

Sasa chukua mavuno na mabaki ya Kimarekani ukaibandike b ya Cape Town. Unapata 0.108, pungufu kwa zaidi ya moja ya tano, na hakuna mahali kwenye karatasi panapoonyesha kosa. Mimi nikikagua hesabu za mtu hii ndiyo kasoro ninayoitafuta kwanza, kabla hata ya kuangalia ujazo wa tangi. Namba za kitabu husafiri kwa familia. Ukichukua moja, chukua na ndugu zake.

Na kama swali lako ni ukubwa wa blowa, mashine ya kupuliza hewa, peke yake, jedwali linakutosha. Oksijeni inayohitajika kwa kila kilo ya COD ni moja toa 1.48 (COD iliyomo kwenye kila kilo ya tope kavu) mara mavuno halisi ya tope. Kwa 0.141 unapata 0.79, kwa ile 0.108 ya kuchanganya unapata 0.84. Ni asilimia sita tu, na mtengenezaji wa blowa anakuongezea akiba kubwa kuliko hiyo bila kuombwa.

Njia ya pili: ndoo ya hewa

Hapa ndipo ninapotaka kukaa, maana ndiyo njia ninayoitetea, na ndiyo inayoharibiwa na mambo madogo.

Wazo lake ni rahisi. Chota tope kutoka mwisho wa tangi la hewa, liweke kwenye ndoo, lipulizie hewa bila kulilisha, na kila siku upime linavuta oksijeni kwa kasi gani. Bakteria wakipungua, uvutaji nao unapungua kwa uwiano uleule. Chora logi asili ya kasi ya uvutaji dhidi ya siku, utapata mstari unaoteremka. Mteremko wake ndio b, ile ya ukoo wa kujichoma.

Ndoo ya lita kumi inatosha. Pampu ya hewa ya samaki wa mapambo inatosha pia, mradi jiwe lake liwe chini kabisa na tope lisitulie pembeni. Iweke kivulini, na uisimamishe ndani ya beseni kubwa la maji ili joto la mchana na la usiku lisipishane sana. Andika joto kila unapopima, kwa sababu b isiyo na joto pembeni yake haina thamani kwa mtu mwingine. Piga alama ya usawa wa tope kwa kalamu. Upepo wa kaskazi ukivuma maji hupungua haraka, na usiporudishia kwa maji yaliyotoneshwa kila kitu kilichomo kitakolea na uvutaji utaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kwangua pia tope linalokauka ukutani ulirudishe ndani.

Kupima kwenyewe: chota kutoka ndooni ukiwa umelitia hewa hadi oksijeni ifike kama miligramu 6 kwa lita. Usitarajie zaidi sana ya hapo, maana maji matamu ya nyuzi 28 usawa wa bahari hushika takriban 7.8 tu yakijaa. Jaza chupa ya maabara ya mililita 300 (iitwayo chupa ya BOD) mpaka ifurike, ingiza kipima-oksijeni pasibaki kiputo hata kimoja, koroga taratibu, soma kila dakika. Siku ya kwanza tope la mtambo wa hoteli linaweza kushuka kwa 0.2 kila dakika, yaani miligramu 12 kwa lita kwa saa, na dakika kumi zinakutosha kupata mstari safi. Siku ya tano, kama limebaki 0.05 kwa dakika, dakika kumi zinakupa mteremko wa nusu miligramu tu. Kiputo kimoja kilichojificha chini ya kifuniko kinaweza kukuharibia kazi yote. Subiri nusu saa.

Tuchukue namba hizo za mfano. Uvutaji umetoka 12 ukafika 3 kwa siku tano, yaani umepungua nusu mara mbili. Logi asili ya 4 ni 1.386, gawa kwa 5, b ni 0.277 kwa siku. Ukiipeleka kwenye programu ya ukoo wa ASM1 unaigawa kwa 0.38 na kuandika karibu 0.73. Ukiipeleka kwenye ASM3 unaiacha ilivyo.

Zawadi ya njia hii ni kwamba inakupa pia kiasi cha bakteria walio hai. Uvutaji wa 12 kwa saa ni 288 kwa siku. Ugawe kwa zao la 0.8 (sehemu ya mwili inayochomwa, 0.2 ikibaki), 1.48 na 0.277, unapata miligramu 878 kwa lita. Kama tope kavu linaloungua, VSS, ni 2,800, basi walio hai ni kama asilimia 31 tu, waliosalia ni maiti na takataka. Hesabu ya namna hiyo meneja wa hoteli hajawahi kuiona, na inaeleza mengi kuhusu kwa nini tangi linaonekana zito na bado maji yanatoka na harufu.

Mambo matatu ya kuchunga. Kwanza, siku ya mwanzo usiiingize kwenye mstari. Tope lililotolewa tangini bado limebeba chembechembe za chakula zilizonaswa, na uvutaji unashuka haraka mpaka ziishe. Ukiiweka siku hiyo, b inapanda bila haki.

Pili, bakteria wa nitrojeni. Mwili unaopasuka unatoa amonia, nao wanaichoma kuwa nitreti na kuvuta oksijeni ya ziada. Kama wanaichoma yote, mteremko hauharibiki, kwa kuwa ziada yao inafuata uwiano uleule, lakini hesabu ya walio hai inapanda kwa karibu asilimia 31. Dawa yake ni aliltiourea kidogo, kemikali inayowazuia wasichome amonia, kwenye sampuli ya chupani, si ndooni. Na kwa kuwa uchomaji wa amonia unaongeza asidi, pima pH kila siku. Ikianza kushuka chini ya 7 tia ndooni kijiko cha bikaboneti ya soda, ileile ya dukani.

Tatu, usiende zaidi ya wiki moja. Baadaye mstari unapinda: wanaobaki ni wagumu, wanaowala wanabadilika idadi, na mteremko unakuwa mdogo. Ukizichanganya siku za mwanzo na za mwisho kwenye mstari mmoja unapata b isiyo ya yeyote.

Adui mkubwa wa njia hii kwetu ni stima. Ikipotea usiku kucha ndoo inakosa hewa, na bakteria wasio na hewa hufa polepole zaidi kuliko wenye hewa. Siku hiyo haihesabiki kama nyingine. Pampu ndogo ya betri iwe karibu.

Njia ya tatu: tanuri

Tumia ndoo ileile, lakini badala ya oksijeni unachuja tope kila siku, unalikausha kwenye nyuzi 105, unaliunguza kwenye 550, na uzito uliopotea motoni ndio VSS. Unaangalia inavyopungua.

Kwa tope letu la mfano, bakteria hai wametoka 878 wakabaki robo. Waliopotea ni 658, lakini moja ya tano ya miili yao imebaki kama mabaki, kwa hiyo VSS imeshuka kwa 527 tu, kutoka 2,800 hadi karibu 2,270. Ukichora logi yake moja kwa moja unapata 0.042 kwa siku. Ndoo ileile, wiki ileile, na jibu ni chini ya moja ya sita ya lile la oksijeni! Kuhesabu bakteria kwa VSS ni kama kuhesabu waliohudhuria arusi kwa kuhesabu viti. Ukitaka b ya kweli kutoka hapo lazima ujue tayari ni kiasi gani cha VSS kilikuwa hai mwanzoni, na hilo linakurudisha kwenye mita ya oksijeni.

Usahihi nao ni mgumu. Kosa la asilimia tano kwenye VSS ya 2,800 ni miligramu 140, zaidi ya robo ya badiliko lote unalolitafuta. Unahitaji kurudiarudia sampuli, mizani ya kusoma hadi sehemu ya kumi ya miligramu, na subira.

Pwani ina mtego wake wa ziada. Hoteli nyingi hutumia kisima pale maji ya mfereji yanapokatika, na maji ya kisima karibu na bahari yana chumvi. Chumvi ikikaukia kwenye karatasi ya kuchujia inaongeza uzito. Osha karatasi kwa maji yaliyotoneshwa mara mbili tatu kabla ya kuikausha. Chumvi hiyohiyo inachafua kipimo cha COD, kwa sababu kloridi huungua pamoja na taka. Ikipita miligramu 2,000 kwa lita kipimo cha kawaida hakiaminiki. Mita ya oksijeni nayo lazima iambiwe kiwango cha chumvi, ingawa kwenye njia ya ndoo hilo halikuumizi sana: kosa linalojirudia kwa uwiano uleule kila siku halibadilishi mteremko.

Kwa hiyo tanuri sipendi litumike peke yake. Lakini likienda sambamba na oksijeni ni shahidi mzuri. Oksijeni uliyoihesabu kwa siku zote tano, ukiondoa ya nitrojeni, inapaswa kukaribia 1.48 mara uzito wa VSS uliopotea. Hapa ni 527 mara 1.48, yaani 780 hivi. Zikikataa kuoana, kuna tope lililobaki ukutani au mita inayodanganya.

Na kuna mahali tanuri linashinda: pale unapotaka kujua tope lako lililokaa tangini litapungua uzito kiasi gani kabla ya kuita gari la kunyonya. Hapo ile 0.042 inayochekwa ndiyo namba sahihi, kwa sababu gari halibebi bakteria hai peke yao, linabeba kila kitu.

Njia ya nne: daftari la mtambo

Kwenye karatasi ni njia ya heshima. Unaendesha mtambo kwa umri wa tope tofauti tofauti, kila mara unapima mavuno halisi, kisha unachora kinyume cha mavuno dhidi ya umri wa tope. Mahali mstari unapokata mhimili wima panakupa kinyume cha mavuno ya kweli, na mteremko ukizidishwa kwa mavuno hayo unakupa b. Faida yake ni kwamba imetoka kwenye tope lako na chakula chako, bila ndoo.

Kwa hoteli ya Malindi sioni itafanyika vipi. Kila umri wa tope unatakiwa ushikiliwe kwa muda wa kama mara tatu ya umri wenyewe ili mambo yatulie. Siku 10, 15, 20 na 30 zikijumlishwa ni 75. Mara tatu ni siku 225. Ndani ya siku 225 umeshapita masika, umeshapokea wageni wa Agosti, na mzigo umeshapanda na kushuka. Juu ya hayo, mitambo mingi haina hata mita ya tope linalotolewa. Daftari linasema "tumetoa tope" na tarehe, hakuna ujazo.

Inawafaa wenye mtambo mkubwa wa mji, wenye maabara ya kila siku na mzigo unaotabirika. Au mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi mwenye matangi madogo ya maabara manne sambamba na chakula anachokichanganya mwenyewe. Huyo anaweza, na atapata picha nzuri ya kuweka kwenye tasnifu.

Wale wa nitrojeni ni habari nyingine

Bakteria wanaokula taka za kawaida wakibaki kidogo, wageni wakirudi wanazaana ndani ya siku chache. Wanaochoma amonia hawana mbio hizo, kwa hiyo kasi yao ya kufa ndiyo inayoumiza baada ya masika. Kwa miaka mingi vitabu viliwapa 0.04 hadi 0.08 kwa siku kwa nyuzi 20. Vipimo vya karibuni vimeipandisha hadi 0.15 na 0.17. Jedwali la zamani litakupa matumaini yasiyo na msingi.

Kuwapima, tumia ndoo ileile. Kila siku chota sampuli mbili, zote uzitie kloridi ya amonia kidogo, moja pia aliltiourea. Tofauti ya uvutaji kati ya hizo mbili ni kazi ya wachoma amonia peke yao, na inavyoshuka siku kwa siku ndiyo b yao.

Jambo hili lina matumizi ya moja kwa moja. Meneja akiona bili ya umeme ya Mei huja na swali: "Fundi, wageni hawapo, hiyo blowa unampepea nani?" Swali lake si la kijinga. Imepimwa na wengi kwamba bakteria, hasa wa nitrojeni, hufa polepole zaidi pasipo hewa kuliko penye hewa bila chakula. Kupuliza mfululizo kwenye tangi lenye njaa kunawamaliza haraka na kunakula stima. Kupuliza kwa vipindi, hewa ikikatwa kwa saa moja mbili na kurudishwa kabla tangi halijaanza kunuka, kunaokoa vyote viwili. Ukiwa na b mbili ulizozipima kwenye ndoo mbili, moja ya hewa mfululizo na moja ya vipindi, unamjibu bosi kwa namba.

Nani achukue ipi

Anayesanifu mtambo mpya ambao haujajengwa hana tope la kupima. Achukue familia moja ya kitabu, aipandishe joto kwa kigezo cha familia hiyo, ajaribu b ya juu na ya chini yake aone matokeo yanasogea wapi. Akitumia programu, b aipandishe mwenyewe hadi joto lake kwa mkono, asiiachie mashine mteremko wa nyuzi 10 hadi 20.

Mwenye mtambo wa hoteli unaofanya kazi Malindi au Watamu afanye ndoo mara mbili kwa mwaka, Februari tangi likiwa limeshiba na Juni likiwa na njaa. Asitarajie b moja. Tope la Juni lina wanyama wengi wanaokula bakteria na lina mabaki mengi. Mita ya oksijeni atakayoinunua kwa kazi hii itamsaidia kila siku kwenye tangi lenyewe, kwa hiyo gharama si ya kipimo peke yake. Kwa maabara ya mbali sina neno isipokuwa moja: tope hai halisafirishwi. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na dumu lililofungwa linamaliza oksijeni kabla gari halijatoka mjini. Kitakachofika kitakuwa tope la aina nyingine.

Mwenye nyumba ya wageni Shela au Manda ana sababu zaidi ya kupima pale pale, kwa kuwa sampuli yake lazima ivuke kwa mashua hadi Mokowe kabla ya kuanza safari ya barabara. Kinachoweza kusafiri ni karatasi zilizochujiwa na kukaushwa kwake, zikienda kuungua kwenye tanuri la mtu mwingine. Uvutaji wa oksijeni ubaki kisiwani. Na kama alicho nacho ni septiki, basi b ya tope hai haimhusu kabisa: mle hamna hewa, na tope lake linapimwa kwa fimbo ya kina kabla ya kuamua kulitoa.

Anayebishana kuhusu bili ya kunyonya tope, achukue tanuri. Anayetaka kujua kama mtambo utaweza kupokea wageni wa Agosti, achukue ndoo na aliltiourea, aanze wiki ya kwanza ya Juni. Akiona wachoma amonia wamebaki chini ya nusu ya Februari, ana muda wa kuomba lori la tope kwa jirani aliyelisha mtambo wake masika yote, kabla ndege za kwanza hazijatua.